Siku Zako Zinakumaliza? Hizi Hapa Dalili za Hedhi Nzito ama Isiyo na Ratiba, na Wakati wa Kuona Daktari

Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba alifika Bungeni na suti nyeupe yenye doa jekundu kwa suruali. Wenzake wakalalamika, Spika Amason Kingi akamwambia atoke akabadilishe nguo, na mitandao ikawaka. Kuna wenye walimpigia makofi na kuna wenye walimchana vibaya. Lakini manze, tuliongea suruali tu. Damu yenyewe tukaiacha hapo.

Upande wa pedi, Kenya imejaribu. VAT ya pedi iliondolewa 2004, ushuru wa kuziingiza nchini ukaondolewa 2011, na 2017 sheria ikasema wasichana wa shule za umma wapewe pedi bure. Hiyo ni poa. Shida ni kwamba pedi inabeba damu tu. Haiwezi kukuambia kama hiyo damu imepita kipimo. Hiyo kazi ni yako, na hapa utapata nambari za kukusaidia kuifanya.

Kwanza, kawaida ni gani?

Mzunguko unahesabiwa kutoka siku ya kwanza umeona damu hadi siku ya mwisho kabla damu nyingine ije. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni sawa. Ile 28 kila mtu huimba ni wastani tu, si sheria. Kama wako ni 25 ama 32 na unakuja hivyo hivyo kila mwezi, uko fiti.

Kwa msichana ameanza juzi, mambo huwa tofauti kidogo. Miaka miwili mitatu ya kwanza mwili bado unajipanga, kwa hivyo mzunguko unaweza kufika hata siku 45 bila kuwa na ngori yoyote.

Damu yenyewe inafaa kukaa siku 2 hadi 7. Na kiasi? Hapa ndio watu hushtuka. Kwa wengi, damu ya mwezi mzima ni kama mililita 30 hadi 40. Hivyo ni vijiko 6 hadi 8 vya chai. Ikifika mililita 80, yaani vijiko 16, madaktari wanaiita hedhi nzito. Hiyo ni karibu kile kikombe kidogo cha kahawa chungu.

Sasa, nani anapima na kijiko?

Hakuna. Ndio maana daktari siku hizi hakuulizi mililita. Anakuuliza maisha yako yanaendaje ukiwa kwa siku zako. Jicheki na hii listi:

- Pedi inalowa kabisa kwa saa moja ama mbili, na hiyo inajirudia masaa kadhaa.
- Unavaa pedi mbili kwa mpigo, ama pedi na taulo juu, ndio ushuke mtaani.
- Unaamka usiku kubadilisha, na bado shuka zinachafuka.
- Unatoa mabonge ya damu makubwa kama koini ya mbao ama kuzidi.
- Damu inapita siku 7.
- Unakosa klasi, wera ama sherehe kila mwezi juu unaogopa kukaa kwa kiti cha mtu.
- Ukipanda ngazi za ploti unahema kama umekimbia mbio za nyika.

Ukiweka tiki hata moja na imekuwa ikijirudia, hiyo ni sababu tosha ya kuona daktari. Hufai kungoja ziwe zote.

Kuhusu mabonge, usiogope kila kitu. Mwili huwa na njia ya kuyeyusha damu ya mwezi ndio itoke ikiwa laini. Damu ikitoka kwa kasi kuliko hiyo njia inaweza kufanya kazi, ndio inaganda. Vibonge vidogo siku ya pili ni kawaida. Vikubwa kila wakati ni dalili kwamba kasi imezidi.

Piga hesabu ya pedi pia. Mtu wa pedi 4 kwa siku, siku 5, anatumia 20. Mtu wa pedi 10 kwa siku, siku 8, anatumia 80. Kama pakiti ina pedi 8, mmoja ananunua pakiti 3 na mwingine 10. Ukijiona kila mwezi doh ya lunch inaishia kwa pedi, hiyo tayari ni taarifa ya kiafya.

Na mwezi usio na ratiba?

Hii ni ngoma nyingine. Unaweza kuwa na damu kidogo lakini inakuja venye inataka. Iangalie kwa makini kama:

- Inakuja kabla ya siku 21 ama baada ya siku 35, mara kwa mara.
- Mwezi huu ni siku 24, ule mwingine 38, ule mwingine 29, hakuna mpangilio.
- Umekaa miezi mitatu bila kuona kitu na huna mimba.
- Unapata chini ya mara 9 kwa mwaka.
- Unaona matone katikati ya mwezi, ama baada ya kufanya mapenzi.
- Mathe ama shosho yako alishamaliza hedhi zaidi ya mwaka mmoja, halafu damu ikarudi. Hiyo apelekwe hosi bila mjadala.

Kwani ndani kunaendaje?

Fikiria mjengo. Nusu ya kwanza ya mwezi, homoni ya estrojeni ndio fundi. Inaongeza ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, safu juu ya safu. Yai likitoka, inaingia homoni ya pili, projesteroni. Hii ndio foremani. Inasema, "Ukuta umetosha, sasa uimarishwe." Mimba isipoingia, foremani anaenda zake, na ukuta wote unabomolewa kwa mpangilio. Hiyo ndio hedhi.

Yai lisipotoka, foremani haji. Fundi anaendelea kujenga tu. Ukuta unakuwa mnene, halafu unaanza kuanguka vipande vipande bila ratiba. Leo matone, wiki ijayo mafuriko. Wengi wenye mzunguko wa kuruka ruka, shida yao inaanzia hapo.

Mbona yai likose kutoka? Stresi kali, kupungua ama kuongeza uzito haraka, mazoezi ya kupita kiasi, tezi ya thairoidi ikiwa na shida, na PCOS. Hii ya mwisho Shirika la Afya Duniani linasema inashika kama mwanamke 1 kwa kila 10 walio kwa umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui wanayo. Dalili zake ni mwezi kuruka, chunusi zisizoisha, na nywele kumea kwa kidevu ama kifua. Usichukulie kukosa mwezi kama likizo ya bure. Ule ukuta ukijengwa miaka bila kubomolewa, hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi inapanda. Inatibika, lakini lazima ijulikane.

Kuna sababu zingine ambazo si za homoni:

Faibroidi. Uvimbe unaomea kwa misuli ya mfuko wa uzazi. Mara nyingi sana si saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulionyesha zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi walikuwa nazo wakifika miaka 50. Wengi hawahisi kitu. Zikikaa mahali pabaya, damu inafunguka, tumbo linafura na unakojoa kila saa.

Polipu. Kinyama kidogo kinachoning'inia ndani ya mfuko wa uzazi ama kwa mlango wake. Huleta matone katikati ya mwezi.

Adenomaiosisi. Ule ukuta wa ndani unamea ndani ya misuli yenyewe. Damu nyingi pamoja na maumivu ya kukunja mtu.

Maambukizi. Klamidia na wenzake wanaweza kuleta damu baada ya mapenzi, na mara nyingi hakuna dalili ingine.

Saratani ya mlango wa kizazi. Damu baada ya mapenzi ni moja ya dalili zake. Si kila damu ni saratani, lakini kipimo ni cha dakika chache. Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 chanjo ya HPV mnamo Oktoba 2019, kwa hivyo kama una siste mdogo, hakikisha ameipata.

Mimba. Hata kama unasema haiwezekani, pima. Mimba inayoharibika na ile iliyojishika nje ya mfuko wa uzazi zote huanza kama "mwezi umekuja vibaya".

"Hata mimi nilikuwa hivyo"

Hii ndio sentensi imefungia wasichana wengi kwa nyumba. Unaambia mathe damu ni mingi, anakujibu, "Hata mimi nilikuwa hivyo, na shosho yako pia. Zoea." Anasema kwa upendo, anataka usiogope.

Lakini hebu isikie vile daktari anaisikia. Watu watatu wa damu moja, wote wanatokwa na damu nyingi. Kwa daktari hiyo si faraja, ni historia ya familia. Faibroidi hufuata familia. PCOS pia. Na kuna shida za damu kutoganda ambazo mtoto anarithi kutoka kwa mzazi.

Inayojulikana sana ni ugonjwa wa von Willebrand. Jina limetoka kwa Erik von Willebrand, daktari wa Finland aliyeandika 1926 kuhusu familia moja ya visiwa vya Åland. Watu wengi wa hiyo familia walikuwa wakitokwa damu kirahisi. Mtoto wa kwanza aliyeletewa alikuwa msichana wa miaka 5. Huyo msichana alifariki akiwa na miaka 13, kwa hedhi yake ya nne. Alimwaga damu hadi akaisha.

Leo hii kuna dawa. Kitu kinachokosekana ni mtu kuuliza. Kwa hivyo jiulize: damu ilikuwa nyingi tangu ile siku ya kwanza kabisa? Pua hutoka damu bila sababu? Ufizi je, ukipiga mswaki? Unapata alama nyeusi kwa ngozi hata hujagongwa? Uling'olewa jino damu ikakataa kukauka? Kama jibu ni ndio kwa hizi, mwambie daktari hivyo hivyo, na umuongezee ile story ya mathe na shosho.

P2, sindano, kijiti na koili

Hapa wengi wetu mtaani ndio tunachanganyikiwa.

P2 inabeba homoni nyingi kwa mpigo, kazi yake ikiwa kuchelewesha yai. Kwa hivyo ni kawaida mwezi unaofuata uwahi, uchelewe ama uje na matone. Haiharibu mfuko wa uzazi na haikufanyi tasa. Lakini ukiimeza kila wikendi, mzunguko hauwezi kuwa na ratiba, na pia hiyo si njia ya kuaminika ya kupanga uzazi. Mwezi ukichelewa zaidi ya wiki moja baada ya P2, pima mimba.

Sindano ya miezi mitatu na kijiti cha mkono mara nyingi huleta matone ya hapa na pale miezi ya kwanza. Wengine wanakaa bila mwezi kabisa, na kwa hizi njia hiyo si hatari, juu ukuta haujengwi. Koili ya shaba inaweza kuongeza damu na maumivu, hasa miezi 3 hadi 6 ya kwanza. Usiitoe mwenyewe na usikae kimya ukiteseka. Rudi pale ulipowekewa. Njia ni nyingi, unaweza kubadilisha.

Damu inaisha pole pole

Hatari kubwa ya hedhi nzito huwa haipigi kelele. Kila mwezi unapoteza madini ya chuma kuliko yale unakula. Mwaka mmoja, miwili, mwili unazoea kuwa chini. Unaanza kuona ni uvivu. Klasi hauskii kitu, kichwa kinazunguka, moyo unadunda ukibeba ndoo ya maji, na unatamani kutafuna barafu, mchanga ama ile mawe ya odowa inauzwa sokoni. Hiyo tamaa ya odowa mara nyingi ni mwili unalia upungufu wa damu.

Mwanamke asiye na mimba anafaa kuwa na hemoglobini ya 12 kwenda juu. Chini ya hapo ni anemia. Kipimo ni cha tone la damu.

Kwa sahani, maini, nyama, omena, ndengu, maharagwe, terere na managu vinasaidia. Kamulia ndimu ama ufuate na chungwa, juu vitamini C inafungulia chuma mlango. Kitu kimoja kitakuuma: chai. Chai na kahawa hufunga chuma tumboni. Kunywa, lakini si na chakula. Iache saa moja ama mbili. Na kama damu imeshuka sana, sukuma pekee haitairudisha. Utahitaji vidonge vya chuma, na huendelea kama miezi mitatu hata baada ya hemoglobini kupanda. Choo kikiwa cheusi ukivimeza, usishtuke, ni chuma.

Hosi watakufanyia nini?

Anzia kliniki ya karibu. Kama umejisajili SHA, huduma za msingi kwa zahanati na vituo vya afya vya level 2 na 3 zinafaa kuwa bila malipo.

Watapima mimba, wacheki hemoglobini, pengine thairoidi na vile damu inaganda. Halafu skani ya tumbo. Kama hujawahi kufanya mapenzi, waambie. Skani inafanywa kwa juu ya tumbo, utakunywa tu maji kibofu kijae. Hakuna mtu anafaa kukuingizia kitu bila kukueleza na bila wewe kukubali.

Dawa zipo, na nyingi si upasuaji. Kuna asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke na kuchapishwa 1962. Unaimeza siku za damu pekee, si homoni, na inapunguza mtiririko. Dawa kama ibuprofeni, ile tunaita Brufen, hupunguza maumivu na damu kiasi. Zote mbili haziwafai watu wote, kwa mfano mwenye vidonda vya tumbo ama aliyewahi kuganda damu miguuni, kwa hivyo uliza kwanza. Aspirini iache, inafanya damu itoke zaidi. Kuna pia tembe za kupanga uzazi, na koili ya homoni ambayo kwa wengi hupunguza damu kwa kiwango kikubwa sana. Faibroidi kubwa zinaweza kutolewa na mfuko wa uzazi ukabaki. Ukiambiwa moja kwa moja kwamba mfuko wote utolewe na bado unataka watoto, una haki ya kutafuta daktari wa pili.

Vile vidonge na lulu za "kusafisha mfuko wa uzazi" wanakuuzia kwa simu, achana nazo. Mfuko wa uzazi hauna uchafu wa kusafishwa, na zinaweza kukuchoma ama kukuletea maambukizi.

Hapa usingoje asubuhi

Enda emajensi kama:

- Unalowesha pedi mbili kwa saa, masaa mawili mfululizo.
- Umezimia, ama ukisimama unaona giza, moyo unakimbia na pumzi ni fupi.
- Una mimba, ama unashuku unayo, na unatoka damu.
- Kuna maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, ama kwa ncha ya bega. Mimba ya nje ya mfuko hujitokeza hivyo, na inaweza kuua kwa masaa machache.

Na ujue haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Wakikuuliza pesa kwanza, waambie hivyo, ama mwenye amekupeleka aseme.

Maboyz, hii pia ni yenu

Kama dem wako, siste ama mathe hulala siku mbili kila mwezi, usimwambie anajifanya. Muulize, "Unabadilisha mara ngapi?" Ongeza pakiti kwa shopping. Akisema kizunguzungu, mshike mwende. Na kama ni wewe boss kazini, mtu akiomba kwenda choo mara nne kabla ya lunch, mwache aende.

Cha kufanya kuanzia mwezi huu

Chukua kalenda ya simu ama karatasi ubandike nyuma ya mlango wa keja. Andika siku damu imeanza, siku imeisha, pedi ngapi kila siku, na kama kuna mabonge. Fanya hivyo kwa miezi miwili ama mitatu, isipokuwa kama uko kwa ile listi ya emajensi ama unahisi umeishiwa nguvu, hapo enda sasa hivi.

Halafu ingia kwa daktari na hiyo karatasi. Ukisema "damu ni mingi", unaweza kuambiwa uvumilie. Ukisema "pedi 9 kwa siku, siku 8, mabonge ya mbao, na mathe alikuwa hivyo", atachukua kalamu aanze kuandika.